Fundi wa Bwawa Anajibu: Huyo Kijana na Pampu Yake Asimame Kwanza

*Shikamoo fundi. Bwawa letu hapa Mikocheni limekuwa kijani kama mchicha uliopondwa tangu mvua za Aprili. Ni mita 8 kwa 4, kina chake kwa wastani mita 1.5. Nilinunua ndoo ya klorini ya unga, kila siku saa sita mchana namwaga vikombe viwili, na hakuna kinachobadilika. Kijana wa bustani anasema tukodi pampu tumwage maji yote, tusugue, tujaze upya. Watoto wanafunga shule mwezi huu. Nimruhusu? – Mama wa watatu, Mikocheni*

Marahaba mwanangu. Naomba majibu haya yakufikie kabla pampu haijafika.

Mwaka 1998, mvua za El Niño zilipokatika, nilimwaga bwawa la tajiri mmoja hukohuko kwenu. Asubuhi tulikuwa tumemaliza, mimi na vijana wawili tuko ndani tunasugua. Alasiri upande wa kina kirefu ukanyanyuka shubiri nzima kutoka ardhini, vigae vya ukingoni vikapasuka kimoja baada ya kingine kama bisi. Tulitoka humo kwa kupanda migongoni mwa wenzetu. Sikulipwa, na sikuthubutu kudai.

Baada ya masika maji ya ardhini huko Mikocheni yako karibu sana na uso wa nchi. Bwawa likijaa, uzito wa maji yake ndio unaolikandamiza chini. Ukiliondolea maji umebaki na mtumbwi wa zege, na mtumbwi kazi yake ni kuelea. Mabwawa mengine yana valvu sakafuni ya kupunguza msukumo huo, lakini nimefungua nyingi nikazikuta zimeziba kwa saruji ya aliyejenga. Kama lazima umwage, ngoja Agosti au Septemba, na kabla hujaanza nenda ukachungulie kisima cha jirani. Kama maji ya kisima yako juu kuliko sakafu ya bwawa lako, rudi nyumbani.

Tena maji hayo hayana kosa la kumwagwa. Ni lita 48,000, na yanasafishika.

Klorini yako haikufanya kazi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hiyo saa sita: jua la Dar linaiua klorini kabla haijagusa mwani, yaani huo ukijani wenyewe. Ya pili, maji yaliyojaa mwani hupandisha pH, kile kipimo cha uchachu wa maji, na pH ikipita 8 klorini inakuwa kama askari aliyelala lindo. Kwa hiyo anza na wavu. Toa majani yote, hasa yaliyolala chini, maana kila jani linakula dawa yako. Sugua kuta kwa brashi hadi maji yatie kinyaa zaidi ya mwanzo. Usiogope, ndivyo inavyotakiwa. Pima pH, ishushe kwa asidi kidogo kidogo hadi 7.2. Jua likizama, chukua kilo 1 ya unga wako, kama ni ule wa asilimia 65 hadi 70, ukoroge kwenye ndoo zenye maji na umwage ukizunguka bwawa. Unga ndio unaoingia kwenye maji. Usimimine maji juu ya unga. Na ile ndoo isikae chumba kimoja na asidi, wala kijiko chake kisiguse vidonge vya klorini. Unga na vidonge vyote vinaitwa klorini lakini ni maadui, vikikutana vinaweza kuwaka moto.

Pampu ya chujio izunguke usiku na mchana. Angalia geji ya shinikizo: ikipanda pauni 8 au 10 (psi) juu ya pale inapokaa mchanga wa chujio ukiwa safi, geuza valvu ufanye bakiwashi, yaani maji yapite kinyume yaoshe mchanga na kutoka nje. Siku hizo utaifanya mara nyingi kuliko mwaka mzima. Kesho jioni pima klorini. Ikiwa imeisha, rudia kilo nyingine. Kijani kitageuka rangi ya maji ya mchele. Hapo mwani umekufa, umebaki mzoga.

Mzoga huo unazikwa na shabu, ileile ya madukani. Kilo 2 zinatosha bwawa lako. Iyeyushe, imwage, zungusha maji kwa saa mbili, kisha zima pampu ulale. Asubuhi utakuta tope laini limetulia sakafuni. Livute polepole kwa hosi ya kufyonzea, valvu ikiwa imeelekezwa kumwaga nje. Ukilipitisha kwenye mchanga litarudi lote bwawani. Utapoteza maji kiasi, jazia. Shabu hushusha pH, kwa hiyo pima tena.

Watoto wasiingie hadi uone vigae vya chini upande wa kina kirefu na klorini ishuke hadi kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita. Hili la kuona chini silisemi kwa ajili ya urembo. Mtoto akizama kwenye maji ya mchicha, hakuna atakayemwona.

*Fundi, watoto wakitoka bwawani macho mekundu na harufu ya klorini imejaa hadi sebuleni. Mke wangu anasema tunazidisha dawa. – Baba, Tegeta*

Kwa heshima zote kwa shemeji, mara nyingi ni kinyume chake. Harufu hiyo ni ya klorini iliyokwisha kushikana na jasho na, tusifichane, mikojo. Klorini iliyo huru kwenye maji safi hunuka kidogo mno. Pima kwanza, ukikuta iko chini ya 1, weka dozi kubwa jioni moja kama nilivyomweleza mama hapo juu, mpumzike kuogelea hadi ishuke. Kisha weka bomba la kuogea nje, kila mtu apite hapo kwanza. Wageni wa Idi nao wapite.

*Maji yanapungua vidole viwili kwa wiki tangu kusi lianze. Fundi niliyemwita anataka kuvunja sakafu atafute ufa. – Msomaji, Kigamboni*

Mzuie. Upepo na jua peke yake vinaweza kunywa kiasi hicho. Weka ndoo kwenye ngazi ya bwawa, ijaze maji hadi yalingane na ya nje, tia alama ndani na nje. Zima pampu, asiogelee mtu, ngoja saa 24 zisizo na mvua. Vikishuka sawasawa, ni upepo. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, rudia jaribio pampu ikizunguka: likipoteza zaidi ya mara ya kwanza, kagua mabomba kabla hujagusa sakafu. Na ndani ya ndoo weka jiwe, isije nayo ikaelea.