Shtaka la kumzuia askari: kinachoamua kati ya kifungo, faini na kuachiwa

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba mdogo wako, dereva wa bodaboda, alisimamishwa na askari pale Igoma, ufunguo ukachomolewa, wakavutana, na sasa anakabiliwa na shtaka la kumzuia askari kutekeleza kazi yake. Unataka kujua kama kweli atafungwa miaka mitano. Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa Mwanza, na mashauri ya aina hii nimeyasimamia ya madereva, ya wachuuzi na ya wavuvi, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo.

Hiyo miaka mitano imetoka katika kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambacho kinamgusa mtu anayemshambulia, kumpinga au kumzuia kwa makusudi ofisa wa polisi aliye katika utekelezaji halali wa kazi yake, au mtu anayemsaidia ofisa huyo. Huo ndio ukomo wa juu, na sheria haikuweka kiwango cha chini, hivyo hakimu ana uwanja mpana: anaweza kutoa kifungo, faini badala ya kifungo, kutumikia jamii chini ya sheria ya mwaka 2002, au kumwachia mshtakiwa kwa sharti la kutotenda kosa kwa muda usiozidi miezi 12 chini ya kifungu cha 38 cha Kanuni hiyo ya Adhabu. (Namba ninazotaja ni za matoleo ya sheria yaliyotangulia Toleo la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025; ukilinganisha na toleo hilo, hakiki kwanza namba za vifungu.) Kosa hili lina dhamana, na hilo halihitaji maneno mengi: wapatikane wadhamini wenye vitambulisho na barua za serikali ya mtaa, mdogo wako asubiri kesi akiwa nyumbani.

Jambo linalosahaulika na wengi ni maneno "utekelezaji halali wa kazi yake". Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, haitoshelezi mzigo wake kwa kuonyesha tu kwamba palikuwa na mvutano. Ni lazima ithibitishe, bila kuacha shaka yoyote ya msingi, kwamba wakati huo askari alikuwa akifanya jambo ambalo sheria inamruhusu kulifanya, na kwamba mshtakiwa alilizuia kwa kukusudia. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kinamtaka anayekamata amweleze anayekamatwa kosa analokamatiwa, isipokuwa pale ambapo mazingira yenyewe yanajieleza au mkamatwaji amesababisha isiwezekane kumweleza. Sheria hiyo hiyo inaruhusu nguvu ya kiasi kinachohitajika kumkamata mtu, na si zaidi ya hapo.

Niliwahi kumtetea mama mmoja mchuuzi wa dagaa aliyeng'ang'ania beseni lake karibu na mwalo wa Kirumba. Nilimuuliza shahidi wa kwanza wa mashtaka, askari, kama alimwambia yule mama kwamba yuko chini ya ulinzi kabla ya kushika beseni au baada yake. Akajibu, kwa ukweli ambao ninamheshimu kwa huo hadi leo, kwamba walikuwa wanachukua beseni kwanza, mama angefuata. Nilipomuuliza beseni lilikuwa linachukuliwa kwa sheria gani, alitaja agizo la mkubwa wake. Shahidi wa pili alisema mama aliwamwagia maji, jambo ambalo wa kwanza hakuligusa kabisa. Hakimu aliona hakuna kesi ya kujibu, akamwachia chini ya kifungu cha 230 cha Sura ya 20 hata kabla mama hajafungua kinywa kujitetea.

Usichukulie hilo kuwa ruhusa ya kuvutana na askari. Kijana mwingine, mvuvi wa upande wa Ilemela, alishtakiwa kwa makosa mawili: kukutwa na kokoro, ambalo ni zana iliyopigwa marufuku, na kumshambulia askari aliyekuwa katika doria. Shtaka la kokoro lilianguka kwa sababu upande wa mashtaka haukuthibitisha kwamba zana ile ilikuwa yake. La pili lilisimama peke yake: doria ilikuwa halali, kafi lililotumika lilitolewa kama kielelezo, na fomu ya PF3 ya askari, ile ya polisi inayojazwa na daktari, ilionyesha jeraha la mkono. Alipewa kifungo. Makosa haya hayategemeani, na kushinda moja hakukuokoi katika jingine. Vivyo hivyo, mdogo wako akilipa faini ya, tuseme, kutovaa kofia ngumu, shtaka la kuvutana na askari litabaki pale pale.

Kwa niliyoyaona mahakamani, mshtakiwa wa mara ya kwanza ambaye hakumjeruhi mtu, hakushika silaha na hakuita kundi la watu kumzingira askari, mara nyingi huishia kwenye faini au kuachiwa kwa masharti. Kinachovuta hukumu kuelekea gerezani ni jeraha, silaha, na hasa kundi. Askari aliyezungukwa na bodaboda ishirini wanaopiga honi ni habari tofauti na askari aliyevutwa mkono, na hakimu huliangalia hilo kwa makini, kwa haki kabisa kwa maoni yangu.

Ninachosisitiza zaidi ni siku ya kusomewa shtaka. Vijana wengi husema "ni kweli" ili mambo yaishe, wakidhani watatozwa kidogo waende zao. Ukikiri, kifungu cha 360 cha Sura ya 20 kinakufungia mlango wa kukata rufaa dhidi ya hatia, unabaki na rufaa juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu, isipokuwa kama kukiri kwenyewe kulikuwa na utata. Tangu shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1973, utaratibu unajulikana: shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, kila kipengele cha kosa kielezwe, kisha maelezo ya tukio yasomwe na aulizwe kama anayakubali. Mdogo wako akijibu, "Ni kweli nilimshika mkono, lakini yeye ndiye aliyenipiga kwanza," huko si kukiri, na hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana. Basi aseme yote yaliyotokea, asikate sentensi katikati kwa woga.

Kabla ya tarehe hiyo, pateni nakala ya hati ya mashtaka na msome maelezo ya kosa: yanadai alimpinga askari katika kazi ipi hasa? Hati ikisema tu kwamba "alimzuia askari" bila kutaja kazi yenyewe, wakili au msaidizi wa kisheria aliweke hilo mbele ya mahakama mapema. Watafuteni pia waliokuwepo kijiweni, wale walioona ufunguo ukichomolewa, kabla kumbukumbu hazijafifia. Na ikitokea hukumu imemwendea vibaya, kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na rufaa yenyewe huwasilishwa Mahakama Kuu ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku mlizosubiri nakala ya mwenendo na hukumu. Ziombeni nakala hizo kwa barua siku ile ile ya hukumu, na mbaki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa mapokezi.