Nyoka kwenye majani marefu: anayekata nyasi afanye nini?

SWALI: Nafanya kazi ya kukata majani na kusafisha bustani za watu, mimi na vijana wawili. Kwenye nyasi fupi tunatumia mashine ya kusukuma, na kwenye vichaka ile ya kubeba begani. Msimu huu tumekutana na nyoka mara kadhaa. Mara ya mwisho alitokea karibu kabisa na miguu ya kijana wangu tulipokuwa tunamalizia kipande cha katikati. Nilikuwa naamini kelele za mashine zinawafukuza. Je, si kweli? Nyoka akitokea tufanye nini? Na hizi dawa za kufukuza nyoka, au kumwaga mafuta machafu na salfa kando ya uzio, vinasaidia?

JIBU: Poleni kwa mshtuko, na umefanya vizuri kuuliza kabla mtu hajang'atwa. Katika maelezo yako kuna jambo moja ambalo limenionyesha chanzo cha tatizo: mlikuwa mnamalizia kipande cha katikati. Nyoka yule hakuwafuata. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ninyi ndio mliomsogeza hatua kwa hatua hadi akakosa pa kwenda.

Wengi wetu tumezoea kukata kwa kuzunguka. Unaanzia pembeni kwenye uzio, na kila mzunguko unasogea ndani kidogo. Mashine haigeuzwi mara kwa mara na uwanja unapendeza. Lakini tazama kinachotokea kwa viumbe waliomo. Panya, chura, mjusi na nyoka wote wanakimbilia majani ambayo bado yamesimama, kwa sababu mahali peupe wanaonekana na ndege na adui wengine. Kadiri mnavyozunguka, ndivyo maficho yao yanavyopungua. Mwishoni kinabaki kisiwa cha majani cha hatua chache tu, viumbe wote wamejazana humo, na mkataji ndiye anayeingia na miguu yake. Ukisimama kando ukitazama dakika zile za mwisho utaona vilele vya majani vinatikisika ilhali hakuna upepo. Hapo zimeni mashine.

Kwa hiyo geuzeni mwelekeo wa kazi. Anzeni upande wa nyumba, barabara au mahali watoto wanapocheza, kisha kateni kwa mistari iliyonyooka mkielekea upande wenye kichaka, mtaro au pori, ili kila aliyemo awe na njia ya kutokea mbele yenu. Kama pori liko pande zote, pasueni njia hadi katikati, halafu kateni kutoka katikati kwenda nje. Hiyo inataka kugeuza mashine mara nyingi zaidi, na kazi itachelewa kidogo. Mimi naona ni gharama ndogo sana. Ukinifuata katika jambo moja tu kati ya haya yote, basi liwe hili.

Sasa kuhusu kelele. Nyoka hana masikio ya nje, ila si kiziwi. Mitetemo ya ardhi inapita kwenye taya hadi sikio la ndani, na sauti nzito za hewani pia anazipata. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walichapisha majaribio ya kuwapigia nyoka sauti za namna mbalimbali. Hawakuitikia kwa namna moja. Aina fulani ya chatu ilielekea kusogea upande wa sauti, na aina kadhaa zenye sumu kali zilielekea kuikwepa. Maana yake kwa kazi yenu ni kwamba mashine huwaondoa baadhi tu. Nyoka mwepesi kama koboko mara nyingi atakuwa ameshaondoka. Lakini kifutu, ambaye wengine wanamwita moma au bafe, kinga yake ni kutulia. Rangi yake inafanana na majani makavu na udongo, mwili wake ni mnene na mzito, na anaweza kulala palepale mashine ikimkaribia, akingoja hatari ipite. Ndiyo maana huumiza watu wengi: anakanyagwa. Tena kelele zinawadhuru ninyi zaidi kuliko zinavyomsumbua yeye, kwa kuwa mlio wake mkali wa kuonya, ambao kwa kawaida ungeusikia ukiwa bado mbali, unamezwa na injini.

Kwa sababu hiyo, majani yaliyopita magoti msiyakate kwa mkupuo mmoja hadi chini. Kwa mashine ya begani, piteni mara ya kwanza mkiacha majani ya kimo cha kiganja hivi, sentimita 15. Ondoeni yaliyoanguka kwa reki ya mpini mrefu, kisha acheni eneo litulie. Kama ratiba inaruhusu, rudini siku inayofuata. Kama hairuhusu, fanyeni kazi nyingine kwa saa kadhaa. Eneo likishakuwa wazi na jua linapenya, wengi watahama wenyewe. Ndipo mnapita mara ya pili na kushusha hadi chini. Mashine ya kusukuma isiingizwe kwenye majani marefu kabla ya hapo, maana anayeisukuma haoni kilicho mbele ya magurudumu.

Saa ya kazi nayo ina uzito wake. Joto la mwili wa nyoka linafuata joto la mazingira. Asubuhi ya baridi anakuwa mzito, hawezi kukimbia hata akitaka, na mara nyingi atakuwa amejianika kwenye jiwe, saruji au njia ya miguu. Subirini kupate joto kidogo. Jioni fungeni kazi kabla giza halijaanza kuingia, kwa kuwa nyoka wengi wenye sumu huanza mawindo saa hizo.

Mavazi nitayapita haraka kwa sababu najua mnayajua: buti zinazofika chini kidogo ya goti, suruali ya kitambaa kizito iliyo pana, isiyobana mguu, na miwani ya kinga. Sehemu inayong'atwa zaidi ni mguu na kifundo chake, kwa hiyo ndala na raba fupi hazifai. Miwani mmeizoea kwa ajili ya mawe yanayorushwa na mashine, lakini ina faida nyingine. Swila hutema sumu akilenga uso, na inaweza kufika mita 2 au zaidi. Sumu ikiingia machoni, osha mara moja kwa maji safi mengi, mfululizo, kwa dakika 15 hadi 20, kope zikiwa zimefunguliwa, halafu nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Usisugue.

Kuhusu mikono nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo wazoefu wanapojisahau. Mkataji anakuwa makini wakati mashine inanguruma, kisha anaizima, anavua glavu, na kukumbatia rundo la majani kulipeleka kwenye toroli. Rundo lililolala usiku mmoja limeshakuwa na joto na unyevu, na ni maficho mazuri kabisa. Zoeni kwa uma wa bustani au reki, na ondoeni siku ileile. Mbolea ya majani pia igeuzwe kwa uma, kamwe si kwa mikono, kwa kuwa nyoka wa aina fulani hutaga humo. Na mnapofunua ubao, bati au turubai lililolala chini, msisimame upande unaofunguka. Shikeni ukingo wa mbali kwa ndoano au mpini wa reki, mvute kuja kwenu, ili ubao wenyewe usimame kati yenu na kilichokuwa chini yake. Ni kitendo cha sekunde mbili, na nimekifanya kuwa sharti kwa kila ninayemfundisha kazi hii.

Akitokea, zimeni mashine. Aliye karibu naye asimame kwanza, amtazame, kisha arudi nyuma polepole kwa njia aliyojia, maana hiyo ameshaiona kuwa salama. Nyoka wengi wanapogonga hawafikishi kichwa mbali kuliko nusu ya urefu wao, lakini msipigie hesabu hiyo. Kaeni mita 5 au zaidi. Mmoja abaki akimwangalia kwa mbali aone ameelekea wapi. Mkimwachia njia, mara nyingi ataondoka. Asipoondoka, au akiingia kwenye ukuta au stoo, acheni sehemu hiyo na mtafute mtu aliyefunzwa kukamata nyoka. Mteja aambiwe. Asikasirike kwamba kipande kimebaki. Akikasirika, mwelezeni sababu.

Msimuue, na sisemi hivyo kwa kumhurumia nyoka peke yake. Watu wengi hung'atwa pale wanapojaribu kumpiga au kumshika nyoka ambaye angeenda zake. Kwa mashine ya kukata ni hatari zaidi. Kichwa kilichokatwa bado kinaweza kung'ata kwa muda wa saa nzima au zaidi, na kinapong'ata kinatoa sumu. Mwaka 2018 huko Texas, Marekani, mtu aliyekuwa akisafisha bustani yake alimkata kichwa nyoka mwenye njuga mkiani. Alipoinama kuokota mabaki, kichwa kile kikamng'ata, na akanusurika kwa dozi nyingi za dawa hospitalini. Kwa hiyo hata mashine ikimpitia nyoka kwa bahati mbaya, mabaki yachotwe kwa koleo la mpini mrefu na kuzikwa.

Dawa za kufukuza: okoa pesa yako. Salfa na naftalini (dawa ya vidonge vya kufukuza nondo kwenye nguo) zimepimwa kwa nyoka na hazikuonyesha kinga ya kutegemewa. Nyoka huvuka juu yake na kuendelea na safari. Naftalini ni sumu kwa watoto na wanyama wa nyumbani. Mafuta machafu hayamzuii nyoka, ila yanaua udongo na kuingia kwenye maji. Ubaya mkubwa ni kwamba mtu aliyemwaga dawa huacha kuangalia anapokanyaga. Nyoka anakuja bustanini kwa sababu mbili, chakula na maficho. Palipo na panya na vyura, naye atakuja. Mshauri mteja azibe mashimo ya panya, atengeneze bomba linalovuja, ainue kuni na mbao kutoka chini kwa sentimita 30 hivi, akate matawi ya ua yanayogusa ardhi, na asingoje nyasi zifike magotini ndipo awaite.

Limebaki jambo ambalo hukuuliza: mtu akishang'atwa. Shirika la Afya Duniani liliingiza kung'atwa na nyoka katika orodha yake ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa sababu hiyo. Wengi ni watu wanaofanya kazi shambani na nje kama ninyi. Muda ni muhimu, na mengi yanayofanywa kwa haraka huongeza madhara. Msikate jeraha, msinyonye, msifunge kamba, msiweke barafu wala jiwe la kunyonya sumu, msimpe pombe. Mbebeni au mkalisheni, asitembee kama inawezekana. Vueni pete, saa, bangili na buti mapema, kabla uvimbe haujazibana. Kiungo kilichong'atwa kitulizwe kwa ubao na kitambaa kisichokaza, kama mnavyofanya kwa mfupa uliovunjika. Akianza kutapika au kulegea kope, alale kwa ubavu na mtazame anavyopumua. Kwa maumivu, parasetamoli. Aspirini na ibuprofeni hapana, kwa kuwa zinaweza kuzidisha kutoka damu. Andikeni saa aliyong'atwa.

Huenda mmesikia habari ya bandeji ya kubana mguu au mkono mzima. Ilianzia Australia na inafaa kwa nyoka ambao sumu yao hushambulia mishipa ya fahamu, kama koboko. Kwa kifutu, ambaye sumu yake inaharibu nyama, kubana kunaweza kuzidisha uharibifu. Kama hamjafunzwa na hamna hakika ni nyoka gani, msiifunge. Wala msimwinde nyoka ili kumpeleka kwa daktari. Picha ya simu iliyopigwa kwa mbali inatosha, na hata bila picha daktari hutibu kwa kufuata dalili. Mtu asiyeona dalili yoyote aangaliwe hospitalini kwa saa 24.

Na si kila hospitali ina dawa ya sumu ya nyoka. Piga simu wiki hii, uulize ni ipi iliyo karibu na maeneo mnayofanyia kazi inayoiweka, na kama ipo leo. Andika jina la hospitali hiyo na namba ya mtu mwenye gari, ubandike ndani ya kifuniko cha sanduku la vifaa, na vijana wako wote wawili wajue ipo hapo, kwa sababu anayeng'atwa anaweza kuwa wewe.