Viazi vyangu sikunyang'anywa na mvua, nilivimaliza mwenyewe kwa papara

Juzi dada mmoja anayefuatilia maandishi yangu kanitumia picha tatu. Ya kwanza jani la kiazi lina doa la kahawia, pembeni ya doa kijani kimepauka kama kimemwagikiwa maji. Ya pili kaligeuza jani lile lile, chini kuna unga mweupe, kidogo sana, kama mtu kapuliza vumbi la chaki. Ya tatu bustani nzima imelala. Halafu kaandika, "kaka mvua haikati siku ya sita leo, nichimbe viazi vyangu sasa hivi kabla havijaoza?"

Nilikuwa nimesimama, ikabidi nikae. Swali hilo hilo nilijiuliza mimi msimu uliopita, nikajijibu ndani ya dakika moja, na jibu langu ndilo lililonimaliza.

Nisiwachoshe na habari za kupanda na kupalilia, hizo wote mnazijua. Viazi vilitoka vizuri, vikachanua, nikawa kila anayepita namsimamisha aone. Kuringa nilikuwa naringa kweli, nisiseme uongo. Mvua zikaja, sio zile za kunyesha na kuisha, zile za manyunyu mchana na ukungu usiku, majani hayakauki. Siku ya pili nikaona madoa kwenye majani ya chini nikasema hili ni tope tu limerukia. Siku ya nne madoa yamepanda juu, mashina yana mistari myeusi. Wiki haijaisha bustani iko kama imemwagiwa maji ya moto, na ile harufu, aliyewahi kuinusa haisahau.

Nikakimbilia dawa. Aliyeniuzia kaniambia hii inaponya kabisa, piga mara mbili. Nikapiga mara mbili, juu ya majani yaliyokwisha kufa. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma, sio hela, ni vile nilivyotikisa kichwa kama mwanafunzi mzuri! Dawa nyingi za ugonjwa huu ni kinga, zinatakiwa ziwe kwenye jani kabla ugonjwa haujafika, na zile zilizotengenezwa kwa madini ya shaba ndio kabisa, jani likishaoza hakuna wa kulifufua.

Basi kesho yake nikachimba, mvua inanyesha, tope mpaka kwenye vifundo, majani mabovu bado yamesimama juu ya matuta, mimi nang'oa shina navuta viazi navirusha kwenye lundo pamoja na majani. Na vilikuwa vizuri jamani, vikubwa, ngozi safi. Nikavijaza kwenye magunia vikiwa na maji maji, nikafunga, nikapiga picha. Siku ya kumi na moja nikasikia harufu ile ile, sasa iko ndani ya nyumba. Nikafungua gunia la kwanza nikaingiza mkono, vidole vikazama.

Kilichotokea nimekuja kukielewa baadaye. Huu ugonjwa, bakajani chelewa, unaletwa na kimelea kinaitwa Phytophthora infestans, ndicho kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845 na watu kama milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Tunakiita ukungu lakini sio ukungu hasa, kiko karibu zaidi na mwani, kinapenda maji kupita kiasi. Ule unga mweupe chini ya jani ndio mbegu zake. Zinasafiri na upepo, zikipata jani bichi lililolowa masaa kadhaa na hali ya hewa ya ubaridi ubaridi, zimefika nyumbani. Na mvua inazisukuma chini kwenye udongo mpaka kwenye viazi vyenyewe. Sasa mimi nilifanyaje? Nilichimba siku mbegu zimejaa juu, nikavipakaza viazi vyangu mwenyewe, tena ngozi bado laini inachubuka hata ukiigusa na kidole gumba. Niliuchukua ugonjwa shambani nikaufungia kwenye gunia.

Kwa hiyo dada nilimjibu, USICHIMBE. Kata mashina yote usawa wa udongo, leo, toa majani nje ya bustani usiyaache pale pale na usiyatupe karibu na nyanya maana nyanya nazo zinaugua huu huu. Halafu subiri wiki mbili, tatu ukiweza. Mbegu zilizo juu ya udongo zinakufa, na ngozi ya kiazi inakomaa huko huko chini. Kama maji yanatuama chimba mifereji katikati ya matuta yaondoke, kuoza kwa maji nako ni kuoza.

Najua inauma kukata kitu ulichokilea na bado kina majani mawili matatu ya kijani. Msimu huu mimi nilikata nikiwa naona kama najikata mwenyewe, robo tu ya majani ndiyo yalikuwa na madoa. Viazi vilibaki vidogo kidogo kuliko vya mwaka ule, sawa. Lakini nilikaa siku kumi na tisa bila kugusa jembe, nikasubiri siku moja kavu, nikachimba kwa jembe uma taratibu kuanzia pembeni ya tuta, nikavitandaza kivulini mpaka udongo ukakauka na kudondoka wenyewe. Sikuosha hata kimoja. Kilichochomwa na jembe, au chenye bonde la rangi ya zambarau zambarau pembeni, ukikikata ndani kuna kahawia kama kutu, hicho sikukiweka na wenzake hata kwa dakika. Vilivyobaki viko gizani penye hewa, huu ni mwezi wa tatu tangu nivichimbe, na kila wiki navipitia kwa pua kabla ya macho.

Shida yetu tunataka dawa, hatutaki kusubiri. Mtu anakuuliza nifanye nini, ukimwambia kata usubiri anakuona mvivu, ukimwambia piga dawa anakuona mtaalamu. Na bado watu wanapanda viazi sehemu ile ile kila msimu, maotea yameota yenyewe wanayafurahia kama zawadi, kumbe kiazi kibovu kilichosahaulika ardhini ndicho kinachoamsha ugonjwa mvua zikirudi. Ng'oeni hayo! Na pandishieni udongo matuta yawe manene tangu mapema, udongo mwingi juu ya kiazi ndio mwavuli wake, mimi yangu yalikuwa membamba viazi vingine vinachungulia nje nikaona ni urembo.

Dada kanijibu jana usiku. Kakata nusu ya bustani, nusu kaiacha kwa sababu mume wake kamwambia majani bado mazuri. Nimemwomba anitumie picha ya ile nusu kesho asubuhi, aligeuze jani kwanza.