Usikariri jedwali la nyakati za Kiingereza, anza na kiambishi -me-

Juma lililopita msomaji mmoja, mwalimu wa shule ya msingi anayejiandaa kwa IELTS, mtihani wa kupima umilisi wa Kiingereza, aliniuliza atumie mbinu gani kukariri nyakati zote 12 za Kiingereza. Namjibu hadharani, kwa kuwa wengi wenu mnalenga huko huko: masomo ng'ambo, au kazi ambayo usaili wake hufanywa kwa Kiingereza. Asikariri.

Mimi nilikaririshwa. Tulipoingia kidato cha kwanza, tukitoka shule ambako masomo yalifundishwa kwa Kiswahili, mwalimu alichora jedwali ubaoni, akatuamuru tulitamke kwa sauti kila asubuhi, na aliyekwama alisimamishwa mbele ya darasa hadi kipindi kiishe. Nilisimama mara nyingi, na jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu hakuna aliyetueleza kwamba lugha yetu nayo ina nyakati zake, na kwamba makosa yetu yalikuwa na chanzo. Leo ninawafundisha watu wazima, na mwezi uliopita mmoja wao, aliyekwisha kukata tamaa, alipata alama 7 kati ya 9 katika sehemu ya kuandika ya mtihani huo wa IELTS. Ninajivunia sana matokeo hayo.

Chanzo chenyewe ni -me-. Sisi husema "nimemwona jana" na hakuna anayeshtuka, lakini "I have seen him yesterday" ni kosa, kwa kuwa muundo huo wenye "have" haupatani na wakati uliokwisha kupita, kama vile jana au mwaka 2019. Ukishataja lini, sema "I saw him yesterday". Vilevile, "mtoto amelala" maana yake yumo usingizini sasa hivi, ilhali "the child has slept" humhusu mtoto aliyekwisha kupata usingizi wake na pengine ameshaamka. Kwa huyu wa kwanza Kiingereza husema "the child is asleep". Amesimama, amevaa na amechoka hufuata njia hiyo hiyo: "is standing", "is wearing", "is tired".

Kinyume chake, "naishi Tanga tangu 2015" ni Kiswahili safi, lakini Kiingereza hudai "I have lived in Tanga since 2015", kwa maana jambo lilianza nyuma na lingali linaendelea.

Basi, ndugu yangu, kabla ya kuandika kitenzi jiulize kama umetaja lini, kisha kama jambo limekwisha au lingalipo. Chukua insha uliyoiandika mwenyewe, pigia mstari kila kitenzi, na ujiulize hivyo kwa kimoja kimoja, kila siku, hata ukichoka. Katika IELTS sarufi ni kigezo kimoja kati ya vinne vya kupimia uandishi, na vivyo hivyo katika mazungumzo. Mtahini huangalia kama miundo yako ni sahihi na ya aina mbalimbali, wala hatakuuliza jina la wakati hata mmoja.