Fundi Anajibu: Msumeno wa Mnyororo Unaokata Kombo

Barua za mwezi huu zimetoka Tanga karibu zote, na zote zinauliza habari za msumeno wa mnyororo. Sikushangaa, kwa kuwa kila masika yanapokwisha matawi huwa yameangukia mapaa, na misumeno iliyolala miezi kadhaa hutolewa stoo na kupelekwa kazini siku hiyohiyo. Nimezifupisha barua ndefu bila kubadili maana yake.

Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Pongwe, napogoa miembe na kuangusha minazi mizee kwenye viwanja vya watu. Msumeno wangu niliununua mkononi kwa mtu na ulikuwa ukikata vizuri. Tangu mwezi uliopita unakata kombo: naanza gogo wima, nikifika katikati upanga, yaani lile bapa la chuma linalobeba mnyororo, umekwenda kulia na kubanwa, na mti unatoa moshi. Fundi mmoja amebadilisha plagi, akakaza skrubu za kabureta, na sasa ananiambia injini imechoka, ninunue silinda na pistoni. Je, ni kweli?

Marahaba, mwanangu. Usinunue silinda. Injini iliyochoka hukosa nguvu, lakini haina njia ya kuupeleka upanga kulia. Kinachoupeleka upanga upande mmoja ni mnyororo, au ule upanga wenyewe, na moshi unaouona ni wa mti unaosuguliwa badala ya kukatwa. Kabla ya kugusa kitu chochote, tazama kinachodondoka chini ya msumeno. Mnyororo mkali hutoa vipande vyembamba mfano wa vile vya randa, na mnyororo butu hutoa unga laini kama sembe. Nina hakika kwako ni unga, na nina hakika pia kwamba umekuwa ukiukandamiza msumeno kwa nguvu za mabega ili ukate.

Meno ya mnyororo yamepangwa kwa zamu, moja la kushoto na linalofuata la kulia, na kila jino huvuta kuelekea upande wake. Umbo hili la jino lililojikunja ni kazi ya Joseph Buford Cox, mkata miti wa jimbo la Oregon, Marekani, ambaye mwaka 1946 alikaa akimtazama buu wa mdudu akitafuna kisiki, mara kushoto mara kulia, akaona kwamba buu yule alikuwa akipita kwenye mti kwa urahisi kuliko misumeno ya wakati ule. Buu yule angekuwa na taya moja butu, naye angekwenda kombo. Msumeno wako unakwenda kulia kwa sababu meno ya kushoto yamekuwa butu au mafupi kuliko wenzake, na meno ya kulia yanavuta bila mpinzani.

Kwa kazi yako hiyo, chanzo chake si kigumu kukihisi. Mwaka jana nililetewa msumeno uliokuwa umekata mwembe wa uani huko Ngamiani. Nilipoufunga upanga kwenye jiliwa na kuuzungusha mnyororo jino kwa jino, nikakuta meno ya upande mmoja yamemeguka ncha zote, na upande wa pili yako salama. Mwembe ule ulikuwa umefungwa kamba za kuanikia nguo miaka mingi, na misumari yake ilikwishamezwa na gamba. Mti wa uani ukague kwa macho na kwa kiganja kabla ya kuwasha injini, na pale unapoona gamba limevimba au lina doa jeusi, kata juu yake au chini yake. Kwenye mnazi adui ni mchanga unaokaa kwenye nyuzi za shina karibu na mizizi. Sugua sehemu hiyo kwa brashi ya waya au usogee juu kidogo. Gogo likiwa limelala chini, usiuache upanga upite hadi ardhini, kwa kuwa mnyororo ukigusa mchanga kwa muda wa kupepesa jicho unapoteza makali yaliyokugharimu nusu saa ya tupa.

Sasa kunoa. Tupa ni ya mviringo, na unene wake hutegemea mnyororo. Pima umbali wa ribiti tatu zinazofuatana, ugawe kwa mbili: ukipata inchi 0.325 chukua tupa ya milimita 4.8; ukipata inchi 3/8 chukua ya milimita 5.2, isipokuwa mnyororo mwembamba wa misumeno midogo, ambao una kipimo hichohicho cha inchi 3/8 lakini hutaka tupa ya milimita 4. Fundi wengi hutumia tupa moja kwa minyororo yote, kisha hulaumu chuma cha mnyororo. Funga upanga kwenye jiliwa, au uubane kwenye ufa wa kisiki, na ufunge breki ili mnyororo usitembee. Tafuta jino fupi kuliko yote, hilo ndilo kipimo. Mengine yote yatashushwa yalingane nalo, hata kama inauma kuyaona yakipungua. Tupa isukumwe kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwa pembe ya nyuzi 30, sehemu ya tano ya unene wake ikiwa juu ya uso wa jino. Isukume tu, usiivute kurudi ikiwa imegusa chuma, kwa kuwa kurudi kunaiua tupa na hakunoi kitu. Jino lililochakaa kwa kawaida linatosheka kwa misukumo miwili au mitatu. La kwako lililogonga msumari litataka zaidi, na hesabu ya misukumo iwe sawa pande zote ukishayalinganisha.

Mbele ya kila jino kuna kinundu kidogo kinachoamua jino lichimbe kiasi gani. Jino linaponolewa hushuka, kinundu kikabaki juu, na msumeno mkali ukawa haushiki mti. Kila baada ya kunoa mara nne au tano, weka geji ya kupimia kinundu na ukishushe kwa tupa bapa hadi kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Usikishushe kwa kukisia. Kikishuka kupita kiasi jino linang'ata pande kubwa, msumeno unatikisika mikononi, na uwezekano wa ncha ya upanga kukurukia usoni unaongezeka.

Ukimaliza mnyororo na bado unakwenda kombo, vua upanga uusimamishe kwa ukingo wake juu ya kioo cha meza. Ukiegemea upande mmoja, kingo zake mbili hazilingani. Zisawazishe kwa tupa bapa, na uondoe ule wembe uliojikunja pembeni unaokata vidole. Mfereji wa upanga usafishe kwa kipande cha msumeno wa chuma, uzibue tundu la oili, na uugeuze upanga juu chini kila unaponoa ili usiliwe upande mmoja. Sproketi, gurudumu la meno linalouzungusha mnyororo, nayo haidumu milele. Baada ya minyororo miwili au mitatu itazame, na ikiwa imechimbika usiivalishe mnyororo mpya.

Jambo la mwisho, na ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mnyororo. Fundi aliyekaza skrubu za kabureta amepunguza mafuta yanayoingia ndani, na katika injini hii mafuta ndiyo yanayobeba oili. Zirudishe kama kijitabu cha msumeno kinavyosema kabla ya kazi nyingine, maana ukiendelea hivyo silinda utainunua kweli. Barua inayofuata inaeleza inavyokuwa.

Fundi, habari za kazi. Mimi ni mama wa Muheza mwenye shamba dogo la mitiki. Niliwanunulia vijana wangu msumeno mpya kwa ajili ya kupunguza miti, na wiki ya tatu ukazima ukakataa kuvutika kamba. Vijana wanasema petroli ya kituo ilikuwa mbaya. Nitajuaje?

Nzuri, mama, na pole kwa hasara. Mwambie fundi afungue ekzosi mbele yako. Ni boliti mbili au tatu tu. Kwenye tundu la moshi utaiona pistoni kwa macho, na ikiwa imekwaruzwa mistari ya wima upande huo, injini imenoki kwa kukosa oili au kwa joto. Petroli mbaya inawezekana, ila mimi ningeanza kwa kuuliza nani alichanganya, na alipima kwa nini.

Injini ya mipigo miwili haina oili yake ya chini kama bodaboda. Oili yote inayolainisha pistoni huja ndani ya petroli. Misumeno mingi ya sasa hutaka sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili ya tustroki, yaani mililita 20 kwa kila lita, au mililita 100 kwa dumu la lita 5. Vijana wengi hupima kwa kizibo au kwa jicho. Nunua duka la dawa bomba la sindano la mililita 20, lifunge kwa uzi kwenye dumu: bomba moja, lita moja, na hapo hakuna ubishi. Oili ya bodaboda isitumike kamwe mahali pa tustroki, kwa kuwa haikutengenezwa kuungua pamoja na petroli na huacha masizi kwenye tundu la moshi. Dumu litikiswe kabla ya kila kujaza, na mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi usiingie kwenye msumeno.

Kuna na joto. Unga wa mtiki hujaza mapezi ya silinda na chujio la hewa kwa haraka, na injini isiyopata hewa ya kuipooza huungua hata kama oili ni sahihi. Chujio likung'utwe kila jioni, lioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likauke kabisa ndipo lirudishwe. Mtiki pia una chembe za silika ndani ya mbao yake, zilezile zilizomo kwenye mchanga, kwa hiyo vijana wako wanoe mara nyingi kuliko mtu anayekata mkorosho. Mnyororo butu kwenye mtiki huifanya injini ilie kwa nguvu saa nzima.

Je, oili chafu ya gari inafaa kulainishia mnyororo? (Msomaji, Korogwe)

Haifai. Ina vumbi la chuma linalosaga upanga na pampu ileile unayotaka kuilinda, na wewe unaivuta puani na kuipaka mikononi kutwa nzima, ilhali oili iliyotumika ina vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Tumia oili ya mnyororo yenye kunata. Ukiikosa, oili mpya ya injini ni afadhali. Kujua kama inafika, elekeza ncha ya upanga kwenye kipande cha boksi bila kukigusa, uvute mafuta: mstari wa matone ujichore.

Nakaa Raskazone. Msumeno ukikaa miezi miwili mnyororo unashika kutu na injini haiwaki. (Msomaji, Tanga mjini)

Ni hewa ya bahari na petroli ya zamani kwa pamoja. Kabla ya kuuhifadhi, mwaga nje mafuta yote yaliyomo kwenye tangi, kisha uwashe hadi uzime wenyewe, ili kabureta ibaki kavu. Kile kiwambo chembamba cha mpira kilichomo ndani yake hukakamaa kikiachwa na petroli iliyochacha. Mnyororo vua, uoshe kwa mafuta ya taa, uuzamishe kwenye kopo la oili hadi siku ya kazi. Kwa huo wa sasa, anza na petroli mpya, chujio dogo lililomo ndani ya tangi, na plagi yenye nafasi ya milimita 0.5 kwenye ncha zake; ikishindikana, badilisha kiwambo.

Mnyororo wangu unazunguka hata nikiachia mafuta. Kuna ubaya? (Msomaji, Pangani)

Upo, na usipande nao mnazi hata mmoja kabla haujatengenezwa. Punguza mlio wa chini kwa skrubu yake hadi mnyororo usimame huku injini ikiendelea kunguruma. Ukiendelea kuzunguka, fungua kifuniko cha klachi: mara nyingi utakuta springi moja imekatika, na mwenzake umelegea vilevile, kwa hiyo nunua zote.