Kabla hujanunua boti ya upepo, shuka mtoni kwanza

Kila baada ya muda napigiwa simu na kijana wa Arusha au Moshi, mara nyingi muongoza watalii kama mimi, aliyemwona mgeni wake akivua kwa nzi wa bandia, yaani ndoano iliyovikwa ifanane na mdudu, na sasa naye anautaka mchezo. Swali huwa lilelile: "Kaka, ninunue boti gani?" Nami namrudishia swali: utaishusha kwenye maji gani, na nani ataibeba kutoka kwenye gari mpaka huko? Asiye na majibu hayo mawili namwomba asitoe hela kwanza.

Boti yenyewe ni ya mtu mmoja. Ina maboya mawili marefu ya kujaza upepo, fremu ya chuma au alumini juu yake, kiti katikati, makasia mawili na mahali pa kukanyagia miguu. Imekulia kwenye mito ya magharibi ya Marekani, kama Madison na Yellowstone kule Montana, mito mipana ambayo mtu anaingia asubuhi, anashuka na mkondo akivua trauti, anatoka jioni kilomita nyingi chini. Picha zote unazoziona zimepigwa kwenye maji ya namna hiyo, na hapo ndipo wengi wetu tunapoteza hela, kwa sababu mito yetu haiko hivyo.

Weruweru, Karanga na Kikafu ikiwa bado milimani ni myembamba, ya mawe na makorongo. Huko unavua kwa miguu yako, ukiwa na fimbo fupi na viatu visivyoteleza, basi. Kiangazi mifongo ya Wachagga, ile mifereji ya kumwagilia mashamba, inachukua sehemu kubwa ya maji, na boti itakuwa inaburuza tumbo kwenye mawe kutwa nzima. Masika maji yanashuka mekundu, na samaki hamwoni nzi wako hata ukimpitisha puani. Boti inapata kazi yake chini, tambarare: Kikuletwa baada ya chemchemi za Chemka, ambako maji hayakatiki hata kiangazi, kingo za bwawa la Nyumba ya Mungu, na Ziwa Duluti pale Tengeru kwa kujifunzia. Huko chini kingo zimefungwa na matete na migunga, huna nafasi ya kurusha mshipi nyuma yako, na samaki, iwe perege, kambale au kuyu, wako upande usiofikika kwa miguu. Hapo boti ina maana.

Nenda basi mahali hapo kabla ya kununua. Hesabu hatua kutoka gari linapoishia mpaka majini. Ongea na wavuvi, uliza mamba wanaota jua wapi na viboko wanapita wapi jioni. Nyumba ya Mungu na mito inayoliingia si mahali pa kubahatisha habari hizo, na wakikuambia sehemu fulani haiingiliki, haiingiliki. Hakuna boti ya upepo ya kushindana na kiboko.

Jibu la wavuvi linaamua hata aina ya boti. Zipo ndogo, nyepesi na za bei nafuu ambazo mvuvi anakaa katikati, miguu ikining'inia majini, anajisukuma kwa mapezi ya mpira. Wenye mito baridi isiyo na mamba wanazipenda, na wana haki. Kwa maji yetu ya tambarare sizishauri kabisa. Mbali na mamba kuna kichocho, ambacho kinatokana na konokono wa kwenye maji yaliyotulia, na wewe utakuwa umeloweka miguu humo kwa muda wa saa nne. Chukua ile ambayo kiti kiko juu na miguu yote miwili inakaa kwenye fremu.

Sasa ngozi ya boti, na hapa usiwe na haraka. Aina ya kwanza ina gamba la nje la kitambaa kigumu chenye zipu, na ndani yake tyubu, kama tairi la zamani. Aina ya pili boya lenyewe ndilo linaloshika upepo, limetengenezwa kwa PVC nzito, ndugu wa turubai la lori. Ya tyubu ni nyepesi zaidi na ikitoboka unabadilisha tyubu, lakini zipu yake inachukia mchanga, na mwiba wa mgunga unapita kwenye kitambaa usiuone mpaka umefika katikati ya maji. Ya PVC ni nzito na ghali, ila inavumilia mawe na kuburuzwa. Kwa Kikuletwa nachagua PVC. Kwa Duluti peke yake, tyubu inatosha.

Boti yangu ya kwanza ilikuwa PVC ya mtumba, na kabla ya kuishusha majini hata mara moja niliitoboa kwenye miba ya ukingoni. Nikaipeleka kwa fundi wa pancha. Akaisugua, akapaka gundi yake, akabandika kiraka, tukaona imeshika vizuri kabisa. Jumamosi nikaingia nayo majini. Baada ya kama nusu saa nikahisi kiti kinaegemea kushoto. Nilipoinama kuangalia, kona ya kiraka ilikuwa imeinuka, vipovu vidogo vinatoka chini yake mmoja mmoja, na kila nilipovuta kasia kona ile ilifunguka zaidi. Niliweka kiganja juu ya kiraka nikapiga kasia kwa mkono mmoja mpaka ukingoni. Gundi ya pancha ni ya mpira. Kwa PVC haishiki, ni suala la muda tu. Nunua gundi ya PVC pamoja na boti, siku hiyohiyo, na kipande cha ngozi yake. Safisha, kausha, paka pande zote mbili, subiri inate, bandika, kisha iache usiku kucha.

Na usimruhusu mtu aijaze kwa kompresa ya matairi. Tairi la gari linakaa upepo wa pauni 30 (psi) na zaidi. Boti hizi nyingi zinataka 2 mpaka 3 tu, na mtengenezaji ameandika namba hiyo karibu na valvu. Kompresa inaipita ndani ya sekunde chache na mshono unaachia. Pampu ya mguu au ya mkono inatosha, jasho lake ni la dakika kumi na tano.

Kuna jambo jingine la upepo ambalo huwezi kulisoma kwenye maelekezo ya watu wa nchi baridi. Arusha tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Nyumba ya Mungu ni nusu ya hapo. Ukiijaza boti nyumbani ukaifunga juu ya pikapu ikiwa imesimama vizuri, ukifika kule chini hewa ya nje imekuwa nzito zaidi na maboya yamelegea, kama pauni nzima imepotea kati ya zile mbili na nusu, bila tundu lolote. Jaza ukifika. Kisha ishushe majini, isubiri dakika kumi, uongeze tena, kwa sababu maboya yaliyokaa juani yakigusa maji ya baridi yanasinyaa. Ukitoka kula mchana, ifanyie kinyume: iweke kivulini au punguza upepo, maana jua la saa saba linavimbisha boya mpaka mshono unalia.

Fremu: alumini, kama mfuko unaruhusu. Chuma kinaanza kutu kwenye maungio, na uzito wake utaujua siku ya kuipandisha ukingoni jioni. Boti kamili ya futi 8 au 9 inafika kilo 30 hadi 40. Muuzaji atakuonyesha kilo inazobeba. Wewe muombe uibebe yenyewe, begani, kutoka mlangoni mwake mpaka barabarani na kurudi. Angalia pia fremu inaungwa kwa nini. Pini za kuchomeka ni bora kuliko nati ndogo, maana nati ikidondoka kwenye matete huipati tena. Sehemu ya mbele iwe safi, bila ndoano wala vishikizo, kwa kuwa mshipi wa nzi unalala mapajani pako na utajisokota kwenye kila kitu kilichochomoza.

Makasia yawe marefu ya kutosha kuzama yote bila kugongana mbele yako. Na ujifunze Duluti kwanza, mpaka mkono ufanye wenyewe, kwa sababu mtoni unakaa ukitazama maji yanakokwenda na unavuta kurudi nyuma, kinyume cha mtumbwi wa kafi. Ukiona mti umeangukia majini mbele yako, geuza kiti kiutazame, elekeza mgongo wako kwenye ukingo ulio salama, kisha vuta. Watu wanaojaribu kusukuma mbele kuupita ndio wanaobanwa kwenye matawi, na maji yanayopita katikati ya matawi hayamwachii mtu. Jaketi la kuokolea linavaliwa, halikaliwi. Kisu kidogo kiwe kifuani. Nanga usiitie kabisa penye mkondo wa kasi mpaka umefundishwa na mtu anayejua. Boti iliyofungwa penye mkondo inaweza kuvutwa chini.

Ukivua chini ya bwawa la Nyumba ya Mungu, kumbuka kuna mtambo wa umeme pale, na maji yanaweza kupanda bila wingu angani. Chomeka kijiti ukingoni ufikapo na ukiangalie mara kwa mara.

Leseni ya uvuvi ni lazima, ipo Sheria ya Uvuvi ya 2003. Pitia kwa afisa uvuvi wa wilaya, mweleze unavua kwa kutumia nini na wapi, akuelekeze pia kuhusu chombo chenyewe.

Ukiikuta ya mtumba, omba ijazwe mbele yako, ipake povu la sabuni kwenye mishono yote na kwenye valvu, kisha mwombe mwenyewe ikae imejaa hadi kesho yake saa ileile. Asiyekubali, mwachie boti yake. Ukishaipata, ioshe kwa maji safi kila ukitoka, ikaushe kivulini mpaka ndani ya mikunjo, na usiikunje ukaitupa stoo sakafuni, panya wanaipenda PVC. Yangu naikunja kwa kulegeza, naiweka ndani ya gunia na kuining'iniza kwenye kenchi kwa waya.