Re: Nimeanguka wodini zamu ya usiku, inchaji (msimamizi wa wodi) anasema nitumie bima yangu yaishe

Pole sana dada. Uliteleza korido imetoka kupigwa deki, unakimbilia oksijeni, mkono umevimba, halafu unaambiwa yaishe? Yasiishe. Hiyo ni ajali kazini kama ya fundi aliyedondoka jengoni kule Buhongwa, na wa kulipa ni WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) siyo kadi yako ya bima. Ule mfuko tangu 2015 mwajiri ndo anachangia, kwenye mshahara wako haikatwi hata mia, sasa kwa nini wasiutumie?

Mi ni nesi pia, hospitali moja hapa Mwanza, hizi zetu za juu ya mawe, wodi kwa wodi ni ngazi na korido za wazi, vuli ikija na upepo wa ziwa maji yanaingia mpaka ndani na vigae vinang'aa kama kioo (nani aliwaza kuweka vigae vya sebuleni hospitalini sijui). Mimi lakini sikuteleza, nilijikwaa waya wa ekstensheni ya mashine ya oksijeni uliokatiza katikati ya vitanda, umeme umekatika, nikatua na kiganja. Wenzangu wakacheka kwanza. Ila patroni wetu (mkuu wa manesi), Mungu ambariki, hakuniacha niondoke mpaka imeandikwa kwenye ripoti buku, kile kitabu cha taarifa za zamu: saa, mahali, waya ulipokuwa, nani aliona. HR alipoanza maswali ya ushahidi ile kurasa ndo ilimnyamazisha.

Kwa hiyo andika barua leo, peleka, baki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Mwajiri akishajua ana siku 7 za kazi kuitaarifu WCF, na madai yasipite miezi 12. Matibabu wanagharamia, na ukipewa ED (ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi) ndefu kuna malipo ya 70% ya mshahara, mwisho miezi 24. HR akizungusha, WCF wana ofisi hapahapa Mwanza, nenda mwenyewe.

Halafu huo mkono. Bonyeza pale kwenye kishimo chini ya dole gumba, kama panauma usikubali kuambiwa umeteguka tu eti eksirei iko safi, kale kamfupa ka hapo kwenye kishimo kakipasuka, picha ya kwanza wakati mwingine hakaonekani. Wakufunge hogo (plasta ngumu), picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14, na hiyo ya pili nayo iingie kwenye faili la madai.